Mashimo ya Vita Kandokando ya Mlima Kenya

Msafiri aingiaye Embu kwa kuvuka mto Rupingazi, kisha akaendelea na njia ya lami kwenda Meru, hupanda na kushuka mabonde mengi hata akachoka kuyahesabu. Hupita Runyenjes, huvuka Thuci, hupita Chuka, hushuka kwenye daraja la Nithi penye ile kona inayoogopwa na madereva wote, na hatimaye hufika Nkubu na mji wa Meru. Mkono wake wa kushoto uko mlima, ambao Wameru huuita Kirimara na majirani zao wa kusini huuita Kirinyaga, umevaa msitu mpaka kiunoni. Mkono wa kulia nchi inateremka kwenye joto la Mbeere na Tharaka. Katikati ni chai, kahawa, migomba na nyumba za mabati. Hakuna kitu machoni pake kitakachomwambia kwamba hapa palipiganwa vita.

Katika nchi za Ulaya mambo ni mengine. Huko Uingereza majukwaa ya saruji yaliyobeba mizinga ya kutungulia eropleni za Wajerumani yangaliko katikati ya mashamba, na wenye mashamba hutia nyasi kavu na vyombo vyao vya kulimia katika vibanda walivyokaa askari. Saruji haiozi upesi. Mlima Kenya haukupewa saruji. Ulinzi wa huku ulijengwa kwa udongo, kwa fito, kwa mianzi na kwa migongo ya watu, na vitu hivyo vyote mvua huvila. Kwa hiyo atakaye kuziona alama za vita upande huu wa mlima sharti ajifunze kuisoma ardhi yenyewe: shimo hili ni la nini, mtaro huu waenda wapi, na kwa nini nyumba zile zimesongamana mahali pamoja hali majirani zao wametawanyika mashambani.

Vita vya angani viliigusa nchi hii mara mbili. Mara ya kwanza adui alitazamiwa kutoka kaskazini, na Serikali iliweka ndege na askari wa kumzuia. Mara ya pili eropleni zilikuwa za Serikali yenyewe, na waliokuwa chini yake ni wenyeji wa hapahapa. Kati ya mara hizo mbili ilipita miaka 13 tu.

Yafaa kuanzia kaskazini. Kutoka Meru barabara huzunguka bega la mlima, kisha hushuka kutoka kwenye baridi mpaka Isiolo penye vumbi na migunga. Zamani Isiolo ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na bwana shauri aliyekaa hapo alitawala nchi kubwa yenye watu wachache na visima vichache zaidi. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Habeshi na sehemu kubwa ya Somalia zilikuwa mikononi mwake, na mpaka wake na Kenya ulikuwa mrefu na mtupu. Siku ya tatu tu, tarehe 13 Juni, ndege za Kiitalia ziliupiga mabomu uwanja wa Wajir. Mwezi uliofuata Waingereza waliiacha Moyale. Kwa ndege, Isiolo haikuwa mbali tena.

Hapo njia ipitayo Isiolo kwenda Marsabit ikawa mshipa wa vita. Malori ya jeshi yalipita mchana na usiku yakichukua maji, petroli na risasi. Eropleni za Afrika Kusini ziliwekwa Archer's Post, kando ya mto Ewaso Ng'iro, mahali palipopewa jina la Geoffrey Archer, bwana shauri aliyepafungua kabla ya Vita Kuu vya kwanza na ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Uwanja wa ndege wa siku hizo haukuwa kitu cha fahari. Watu walifyeka vichaka, wakang'oa visiki, wakasawazisha ardhi. Mapipa ya petroli yalitawanywa mbalimbali chini ya miti ili bomu moja lisiyateketeze yote, na mahandaki membamba yalichimbwa ili askari wajitupe ndani wasikiapo mngurumo. Basi, huo ndio uliokuwa ulinzi. Mtu akiondoka na mapipa yake, na mvua mbili zikapita, hata askari aliyelala pale hawezi kupatambua.

Na kweli waliondoka upesi. Februari 1941 majeshi ya Afrika Kusini yaliteka Mega, ng'ambo ya mpaka, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo Addis Ababa ikaanguka. Hofu ya mabomu ya Kiitalia ilikuwa imedumu chini ya mwaka mmoja.

Iko alama moja, hata hivyo, ambayo watu huionyesha kwa wageni mpaka leo. Ni kidimbwi cha maji safi katika hifadhi ya Buffalo Springs, kaskazini ya Isiolo, karibu na Archer's Post. Maji hububujika kutoka chini, meupe kama kioo, hata mtu huona mchanga ukicheza. Husimuliwa kwamba kidimbwi hicho kilifumuliwa na bomu la rubani wa Kiitalia. Wengine husema alikosa shabaha yake. Wengine husema aliliona kundi la nyati kwa mbali akadhani ni askari. Hadithi hii ya nyati inapendeza mno kuaminiwa bila shaka yoyote, maana nyati ndio waliopapa mahali hapo jina. Lakini kwamba chemchemi ilikuwako na bomu likaipanua si jambo la ajabu. Siku hizi kidimbwi kimezungushiwa ukuta wa mawe, na wageni huoga ndani yake wakati wa joto. Katika vita vyote vilivyopita huku, hilo labda ndilo bomu la pekee lililomfaa mtu.

Archer's Post yenyewe haikupumzika na silaha. Baada ya Uhuru nchi ya huko ilitumiwa na majeshi, ya Uingereza pamoja na ya Kenya, kwa mazoezi ya kupiga mizinga. Mabomu yasiyolipuka yaliachwa ardhini, na wachungaji, wengi wao watoto, waliyaokota. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamasai zaidi ya 200 waliojeruhiwa au waliofiwa, wa huko na wa Dol Dol. Alama za vita si zote za kuoga.

Sasa msafiri na arudi juu kwenye baridi, maana habari kubwa iko msituni.

Watu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa maelfu na maelfu ya Waafrika wa Kenya waliochukuliwa vitani katika miaka ile, wengine askari wa KAR, wengine wapagazi na wafanya kazi. Wengi walipelekwa Burma. Huko waliona jinsi jeshi linavyokaa katika msitu mnene, na waliona vilevile jinsi ndege zinavyotafuta watu chini ya miti. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri. Aliporudi hakupata kazi ya kumtosha wala heshima aliyoitazamia. Na vita vya Mau Mau vilipoanza, ndiye aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, hata alipokamatwa Januari 1954. Upande wa Meru aliongoza Musa Mwariama, ambaye hakushuka kutoka msituni mpaka Uhuru ulipopatikana Desemba 1963.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Kenya, kama ule wa Nyandarua, ulifanywa mahali palipokatazwa: aonekanaye ndani aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Wakazi wa ukingoni waliondolewa katika ukanda wa upana wa maili moja hivi, nyumba zao zikabomolewa na mazao yao yakafyekwa, ili askari apate kuona mbali. Kisha zikaja eropleni. Kwanza zilikuwa Harvard, ndege ndogo za injini moja zilizozoea kufunzia marubani, zilizokaa Thika na baadaye Mweiga. Zilichukua mabomu ya ratili 20 na bunduki ya mtombo. Toka Novemba 1953 zikaja na Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Hizo zilidondosha mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Polisi nao walikuwa na ndege zao nyepesi. Ziko ndege zilizomwaga karatasi za kuwataka wapiganaji wajisalimishe, na ziko zilizofungwa vipaza sauti, zikazunguka juu ya mianzi zikisema kwa lugha za watu. Mzee aliyekuwa mtoto wakati ule aweza kuwa amesahau ni mwaka gani. Lakini sauti ya mtu itokayo mawinguni haisahauliki.

Je, mabomu hayo yalifanya kazi gani? Hesabu za upande wa jeshi zilidai kwamba hata Juni 1954 wapiganaji karibu 900 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa na ndege. Nani aliwahesabu chini ya miti ile, ni swali la haki. Rubani wa Lincoln hakumwona mtu. Aliona blanketi la kijani lililofunikwa na ukungu, akadondosha mabomu kwa kufuata mraba wa ramani. Lisilo na shaka ni kwamba miti ilianguka, na wanyama waliumia. Nyati au tembo aliyejeruhiwa akawa hatari kwa kila aliyemkuta, mpiganaji na askari sawasawa.

Na waliokuwa chini walijilindaje? Hawakuwa na mzinga wa kutungulia ndege hata mmoja. Ulinzi wao wa anga ulikuwa majani. Kambi ziliwekwa chini ya miti mikubwa au ndani ya mianzi, karibu na kijito lakini si kandokando yake. Moto uliwashwa usiku, au kwa kuni kavu zisizotoa moshi. Njia hazikukanyagwa mara mbili ikiwezekana, na nyayo zilifunikwa na mtu wa mwisho. Kambi ikijulikana tu ilihamwa. Kazi hii ilitaka akili na uvumilivu kuliko kulenga mzinga, na waliofanya hivyo walifanya huku wakilala njaa katika baridi kali. Kwa kuwa ufundi wenyewe ulikuwa kutoacha alama, leo hakuna alama. Anayepanda kwa njia ya Chogoria kwenda kileleni, akiwa na mkoba wake mgongoni, pengine hupita katikati ya mahali walipolala watu mia asijue.

Yaliyobaki ni mashimo, nayo hudanganya. Mtu akionyeshwa shimo msituni huambiwa mara moja kuwa ni la bomu. Hapana budi kutazama vizuri. Kwanza yako mashimo ya kale sana, ya mviringo, mapana na yenye kina kifupi, ambayo wazee husema ni ya Wagumba, watu wafupi waliokaa nchi hii kabla ya wakulima kuja. Mashimo hayo yamelainika na hayana kingo. Pili yako mashimo ya wapasuaji mbao. Kabla ya mashine za mbao kuenea, na hata baada yake, gogo la Meru oak au la mkafuri lilipasuliwa kwa msumeno mrefu, mtu mmoja juu na mwenzake chini shimoni. Shimo la namna hiyo ni refu na jembamba kama kaburi, na aghalabu kisiki kikubwa kiko karibu. Tatu yako mahandaki yaliyochimbwa baadaye kuwazuia tembo wasiingie mashambani. Shimo la bomu ni la duara, lenye umbo la bakuli, na udongo uliotupwa nje hufanya ukingo ulioinuka pande zote. Miti iliyoota ndani yake huwa ya umri mmoja, na midogo kuliko ile ya pembeni. Mvua za zaidi ya miaka 70 zimekwisha kuyajaza mengi, lakini katika mwanzi baadhi hushika maji, na nyati huja kugaagaa matopeni.

Lakini alama kubwa kuliko zote upande huu haikuletwa na ndege. Ni handaki.

Jeshi lilipoona kwamba mabomu peke yake hayawezi kuwatoa watu msituni, liliamua kuwakata na chakula. Mpiganaji alikula kutoka kwa mama yake, dada yake na mke wake waliobaki mashambani. Walimletea viazi, unga, dawa na habari usiku. Basi likachimbwa handaki chini ya Mlima Kenya, kati ya msitu na mashamba. Urefu wake ulifika maili 50, kina chake kama futi 10 na upana kama futi 16. Ndani yake vilisimikwa vijiti vilivyochongwa ncha na seng'enge. Vituo vya walinzi viliwekwa kando yake, na daraja liliruhusiwa pale tu penye mlinzi.

Wasomaji walio wakulima wanajua futi 10 maana yake nini. Mwenye kuchimba choo cha nyumbani hufika kina hicho na zaidi, lakini choo ni upana wa mtu mmoja, na huchimbwa na fundi aliyelipwa. Hapa mtu alipimiwa sehemu yake kwa kamba, naye hakulipwa chochote. Udongo wa juu ni mwekundu na mwepesi. Chini huja mawe na mizizi. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake na wazee, kwa sababu vijana walikuwa ama msituni ama kizuizini. Walitolewa asubuhi chini ya macho ya machifu na homugadi, wakarudishwa jioni kabla ya kafyu, na shamba la nyumbani lilipata saa chache tu au halikupata kabisa. Waliochelewa au waliochoka walipigwa. Watoto wachanga walilazwa kwenye ukingo wa udongo, na wengine walifungwa migongoni mwa mama zao wakati majembe yakiinuka. Njaa na maradhi vilifuata, na waliokufa wengi walikuwa watoto na wakongwe. Katika habari zote za vita vya Mlima Kenya, hakuna kazi iliyowachukua watu wengi zaidi ikaandikwa kidogo zaidi.

Handaki hilo leo halionekani kama zamani. Mteremko wa mashariki hupata mvua nyingi, na kila masika hushusha udongo. Mahali pengine limekuwa bonde dogo lenye nyasi, ambalo mgeni atalidhania kuwa mfereji wa maji. Pengine limelimwa na kusawazishwa. Mkulima hapotezi ardhi yenye rutuba kwa ajili ya kumbukumbu, na nani atamlaumu? Penye unyevu hupanda migomba na nduma. Dalili ni mstari: ukiona mbonyeo unaokwenda kandokando ya mteremko, ukivuka matuta bila kujali maji yanakopenda kupita, ujue haukuchimbwa na mvua.

Pamoja na handaki vilikuja vijiji. Toka Juni 1954 watu wa Nyeri, Murang'a, Kiambu na Embu, na wa sehemu za Meru, waliamriwa kuacha nyumba zao zilizotawanyika juu ya matuta na kujenga mistari ya vibanda karibu na kituo cha homugadi. Katika mwaka mmoja na nusu hivi watu zaidi ya 1,000,000 walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Kituo kilikuwa na mnara wa miti, boma la udongo, handaki lake dogo lenye vijiti, na daraja la kuinuliwa usiku. Hakuna mnara uliosalia; mchwa wamekwisha kuula. Baadhi ya vijiji vilivunjwa watu waliporudi mashambani. Vingine, hasa upande wa Kirinyaga na Nyeri, havikuvunjwa kamwe. Wasiokuwa na ardhi walibaki palepale, na wajukuu wao wangaliko, nyumba kwa nyumba, juu ya viwanja vidogo, wengine bila hati ya kumiliki. Hiyo ni alama ya vita yenye mlango na dirisha.

Jambo hili la ardhi lina mzizi wake katika miaka ileile. Mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 uliagiza vipande vya mashamba viunganishwe, vipimwe na viandikwe kwa jina la mtu mmoja. Kwa kilimo ulileta faida. Kahawa na baadaye chai vilienea kwa wakulima wadogo. Lakini upimaji ulifanywa wakati ambapo wengi walikuwa kizuizini au msituni, na asiyekuwako barazani hana wa kumshikia kamba. Baadhi ya waliorudi walikuta mpaka wa zamani, uliokuwa mti au jiwe au kijito kilichojulikana na ukoo mzima, umekwisha kufutwa.

Chuka nako kuna habari isiyo na alama. Juni 1953 askari wa KAR walioongozwa na maofisa wa Kiingereza waliua karibu na hapo watu zaidi ya 20. Waliouawa hawakuwa wapiganaji wa msituni, na baadhi yao walikuwa homugadi wenyewe, waliokuwa upande wa Serikali. Kapteni mmoja alishtakiwa na hatimaye akafungwa kwa makosa ya ukatili. Magari hupita hapo kila siku yakiwahi Meru.

Upande wa kusini, chini kabisa, Mwea ni kinyume chake: alama ni kubwa hata haionekani kuwa alama. Siku hizo Mwea ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, nyika kavu yenye mbu. Toka 1954 waliozuiliwa makambini walitumiwa kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito Thiba na Nyamindi, na hapo ndipo shamba la mpunga la Mwea-Tebere lilipoanzia. Makambi ya Thiba na Gathigiriri yaliogopwa kwa mapigo yake. Leo Mwea ni Kaunti ya Kirinyaga, na mchele wake wa pishori unasifiwa Nairobi na Mombasa. Wanaoula ni wengi, na wanaojua mifereji ya kwanza ilichimbwa na nani ni wachache.

Mtu akipanda tena mpaka ukingo wa msitu ataona jambo la kustaajabisha. Mpaka ule ambao handaki liliulinda umelindwa tena na tena, kila kizazi kwa namna yake. Mwaka 1986 Serikali ya Kenya ilianza kupanda ukanda wa chai kandokando ya misitu, uitwao Nyayo Tea Zone, ili watu wasizidi kuingia ndani. Toka 2012 limekuwa likijengwa ua wa umeme kuuzunguka mlima, kazi iliyosimamiwa na shirika la Rhino Ark pamoja na idara za misitu na wanyama, ili tembo wasitoke na wakata miti wasiingie. Sababu zimebadilika, na hakuna tena anayepigwa risasi kwa kubeba viazi. Lakini kikongwe wa Manyatta au wa Kinoro aliyeona mistari yote mitatu katika maisha yake, wa vijiti, wa chai na wa waya, ana haki ya kuutazama huo wa waya kwa jicho lake mwenyewe.

Mambo haya si ya udadisi mtupu. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya, ilijulikana kwamba Waingereza walikuwa wameficha maelfu ya majalada ya Serikali ya kikoloni katika ghala la Hanslope Park. Karatasi hizo zilionyesha kwamba wakubwa walijua yaliyotendeka makambini. Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye. Mwaka 2018 mahakama iliikataa, na neno kubwa lililowashinda lilikuwa muda. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, mashahidi wamekufa, waliobaki hawakukumbuka tarehe. Mahakama hutaka mahali na siku. Mwanamke aliyechimba handaki akiwa na miaka 18 hakupewa stakabadhi, na handaki lenyewe, ambalo lingeweza kumshuhudia, limejaa udongo.

Walimu wa shule za ukingoni, kuanzia Kianjokoma hadi Githongo, wana nafasi ambayo mahakama haikuwa nayo. Kamba ya kupimia, daftari, na mzee mmoja anayeweza bado kutembea vinatosha kwa siku moja ya kazi. Sehemu zilizobaki zaweza kupimwa na kuchorwa kabla hazijasawazishwa, na majina ya waliochimba yaandikwe kijiji kwa kijiji. Ni vyema kazi hiyo ianze wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, nyasi zikiwa fupi, na asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, maana ndipo kivuli huanguka katika mbonyeo na mstari mzima huonekana toka tuta hadi tuta.

Saa hizo za asubuhi wachumaji wa chai huwa wamekwisha kutoka na vikapu vyao. Njia yao ya kwenda kwenye kituo cha kupimia hushuka kidogo mahali fulani, hatua nne au tano, kisha hupanda tena. Wenye haraka huruka.